Deni la Elimu Liandikwe: Ilani ya Wazazi na Wanafunzi wa Mushaki

Sisi wazazi, wanafunzi, wafugaji na walimu wasiolipwa wa Mushaki, teritware ya Masisi, tunatangaza kwamba tuna deni. Hatudaiwi na banki. Hakuna mahali palipo na faili lenye majina yetu na mhuri juu yake. Lakini kila nyumba ya vilima hivi iliyompeleka mtoto kusoma Goma, Bukavu, Butembo au Kisangani inadaiwa: na jirani, na mwenye duka, na chama cha akiba, na shangazi aliyeuza mbuzi wake wawili, na binti aliyeachishwa shule ili kaka yake amalize. Deni hilo halijaandikwa popote. Kwa kuwa halijaandikwa, kila mtawala anayepita huku anaweza kusema halipo.

Tumekutana ili tuliandike.

Wanaosikiliza redio za nje wanajua kwamba Wamarekani wanadaiwa zaidi ya dola trilioni 1.7 za masomo ya chuo. Mkenya akimaliza chuo anafuatwa na HELB, Mtanzania anakatwa mshahara na HESLB. Sisi Wakongomani hatuna bodi ya mikopo yenye nguvu kama hizo, na wapo wanaotuambia kwamba hiyo ni bahati, eti kijana wetu anaanza maisha bila deni. Huo ni uongo mtamu. Pale ambapo serikali haikopeshi, ukoo ndio unaokopesha, na ukoo hauulizwi kama uwezo unao.

Tuanze na ng'ombe, maana huku kila hesabu inaanzia kwake. Mushaki iko juu ya Sake, karibu kilomita 40 kutoka Goma, kwenye malisho ambayo yeyote aliyekula jibini ya Masisi ameonja nyasi zake. Maziwa ya asubuhi yanateremka na motari ndani ya vidumu, mengine yanabaki na kuwa ile jibini ya mviringo inayofika hadi Kinshasa. Ng'ombe mmoja anayekamuliwa ndiye mshahara wa nyumba: chumvi, sabuni, dawa, minervali, yaani karo, ya wadogo wa sekondari. Siku chuo kinapotangaza kwamba asiyelipa haandikishwi kwa mitihani, ng'ombe huyohuyo ndiye anayepelekwa sokoni. Mwaka wa kwanza umelipwa. Wa pili utalipwa na maziwa ya nani?

Masomo ya chuo ni miaka mitano. Tangu mfumo wa LMD uenezwe nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, mitatu ni ya lisansi na miwili ya masta. Zamani ilikuwa mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, jumla ileile. Mwenye ng'ombe watano akiuza mmoja kila mwaka, kundi linaisha siku mtoto anapotetea memware yake. Hapo tumedhani kwamba hakuna mwaka mweupe wa masomo yaliyofutwa, hakuna mgomo, hakuna mwaka uliovutwa ukawa miezi kumi na minane, na hakuna ng'ombe aliyeporwa. Mifugo ya Masisi ilifyekwa katika vita vya 1993 hadi 1996, ikaanza kurudi, ikafyekwa tena. Mushaki yenyewe ilipiganiwa Desemba 2007, ikapiganiwa Februari 2023, ikapiganiwa Desemba 2023. Kila mara watu walipoteremka Sake na Goma na magodoro kichwani, kilichobaki nyuma kikila majani ndicho kilichokuwa minervali ya mwaka uliofuata.

Kuna hasara nyingine ambayo hata sisi tulichelewa kuiona. Tarehe za mwisho za malipo zinakaribiana, kwa hiyo wazazi wa kilima kizima wanateremsha mifugo wiki moja. Mnunuzi anaijua kalenda ya chuo kuliko rekta. Anakaa, anapiga miayo, anangoja simu ya mtoto iingie: "Baba, kesho wanafunga." Bei inashuka na ng'ombe hajakonda. Ile tofauti kati ya bei ya haraka na bei ya siku ya kawaida ni riba. Tunailipa kila mwaka, na hatujakopa kwa mtu.

Maharage na viazi navyo vina misimu yake. Msimu wa kwanza unavunwa kati ya Desemba na Februari, wa pili Juni na Julai. Mkulima anashika franga kidogo miezi hiyo. Miezi mingine anashika jembe. Ombi letu la kwanza kwa vyuo halihitaji sheria wala msaada wa mzungu: sehemu za malipo zifuate mavuno. Sehemu moja ilipwe mavuno ya kwanza yakiisha, nyingine mavuno ya pili, na mwanafunzi asitolewe chumba cha mtihani kati ya hapo. Chuo hakitapoteza hata franga moja. Atakayepoteza ni yule mnunuzi anayepiga miayo.

Vyama vyetu vya akiba, AVEC, tunaviheshimu. Vimetuvusha njaa na uzazi. Ila mkopo wa AVEC ni wa miezi michache, na mzunguko ukiisha kila mwanachama anagawiwa chake. Mkopo wa miezi mitatu hauwezi kubeba masomo ya miaka mitano. Mama anakopa chama hiki kulipa chama kile, na vyote viwili vikimchoka anakwenda kwa Banki Lambert. Hakuna banki hapo, ni mtu tu mwenye pesa nyumbani, na mwezi ukiisha anaweza kutaka nusu nzima juu ya alichokupa. Rehani ni simu, au televisheni, au karatasi ya shamba. Shamba likienda, wadogo wote waliobaki wamekwisha kukosa chuo kabla hawajafika darasa la sita, na wao hawana habari.

Haikuwa hivi tangu zamani. Lovanium ilifunguliwa karibu na Kinshasa mwaka 1954, Elisabethville ikafuata mwaka 1956, na kwa miaka mingi baada ya uhuru mwanafunzi alipewa buruse na serikali, akala na kulala chuoni. Buruse hiyo haikutoka mbinguni wala haikukaa bila kugombewa: tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana mjini Kinshasa wakidai, pamoja na mengine, hali bora ya maisha na sauti katika uongozi wa chuo, na jeshi likawapiga risasi. Mwaka 1971 Mobutu akawaingiza wengine jeshini, na vyuo vyote vikafungwa kamba moja kwa jina la UNAZA. Miaka ya 1980 wakopeshaji wa nchi wakataka matumizi yapunguzwe, na buruse ikakatwa. Mwaka 1989 vyuo binafsi vikaruhusiwa. Kisha nchi ikaporomoka, mshahara wa profesa ukawa hauwezi kununua gunia la mkaa, na mzazi akajikuta anashikilia paa lote. Hakuna siku moja ambayo aliitwa akaulizwa: je, unakubali?

Kwa hiyo profesa si adui yetu. Anapogoma anadai yale ambayo serikali ilimwahidi, na mapatano ya Bibwa kati yao ni mfano wa ahadi ambayo imelazimika kudaiwa tena na tena. Lakini serikali ikimpunja profesa, pengo linazibwa na prime, yaani posho, inayotoka kwenye minervali yetu. Basi mgomo wake ni wetu pia, na tungependa siku moja atuite tukae pamoja kabla ya kuutangaza.

Wanatukumbusha kwamba elimu ni bure. Ndiyo, ya msingi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema hivyo, na Septemba 2019 Rais Tshisekedi alianza kukitekeleza. Tulishangilia na bado tunakishangilia. Ila angalia nani anayefundisha darasa hilo la bure huku vilimani. Mara nyingi ni kijana wetu aliyehitimu chuo cha walimu, ISP, yule wa ng'ombe watano, na jina lake liko kwenye kundi la NU au NP: shule imempokea, orodha ya mishahara haijampokea. Zamani wazazi walimchangia prime, sasa hairuhusiwi. Anafundisha, anakwenda kulima, Jumamosi anaendesha pikipiki ya mtu. Hapo ndipo pesa ya ng'ombe ilipofikia. Atakayetuuliza kwa nini wazee wameanza kusema kwamba chuo hakina faida, aje aone kijana huyo akisahihisha daftari usiku kwa mwanga wa simu, kisha atujibu yeye.

Sasa tuseme habari za utajiri, maana hatuandiki ilani ya maskini wanaoomba.

Rubaya iko katika teritware yetu. Inakadiriwa kwamba kutoka pale inapatikana karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima, ile ya ndani ya simu. Nani anakusanya kodi ya Rubaya tangu Aprili 2024 kila mtu anajua, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja hata kiasi: angalau dola 800,000 kwa mwezi. Upande wa Walikale, mgodi wa Bisie wa kampuni ya Alphamin ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema wazi mrabaha wa madini unagawanywaje: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 chefferie au sekta ambamo mgodi upo, na 10 mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni yenye mgodi inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka. Mwishoni mwa mwaka huohuo koltani ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapandishwa hadi asilimia 10.

Tunadai sehemu ya ile 15 na sehemu ya ile 0.3 iwekwe katika mfuko wa masomo wa teritware za Masisi na Walikale, hesabu zibandikwe ukutani kwenye ofisi ya chefferie, kanisani na msikitini. Na kuhusu ile asilimia 10 ya vizazi vijavyo, tunapenda kuwaarifu wanaoilinda kwamba vizazi vyenyewe vimeshawasili. Viko Goma, vimetolewa nje ya chumba cha mtihani kwa kukosa bordereau, ile stakabadhi ya malipo.

Kila aliyeshika bunduki huku amesema anawapigania watu wa Masisi. Hatuna upande katika hilo na hatutafuti upande. Goma iko mikononi mwa AFC/M23 tangu Januari 2025, Kinshasa inaendelea kutoa amri za elimu, na mtoto yuko katikati na bordereau ambayo hajui aipeleke wapi. Banki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari mwaka huo, watu walivuka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao wenyewe, au wakazipitishia kwenye simu na kukatwa kila hatua. Makato hayo nayo yaandikwe kwenye deni. Tunasema kwa yeyote anayekusanya ushuru barabara ya Sake hadi Masisi: kidumu cha maziwa na gunia la maharage la mzazi anayekwenda kulipa chuo visitozwe. Na tunasema kwa vyuo vyote, vya serikali na binafsi, vya pande zote za mstari wa vita: minervali iliyolipwa kabla ya kukimbia imfuate mwanafunzi. Aliyelipa Goma akakimbilia Kisangani asilipe mara ya pili mwaka uleule kwa sababu risasi zilimwelekeza huko.

Basi tunataka mkopo? Wenzetu wamegawanyika, na hatutaficha. Vijana wengi wanasema ndiyo. Wazee wanatazama nje na kuogopa. Tumewatazama majirani. HELB ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1995, inatoza riba ya asilimia 4, na anayechelewa anapigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, awe ana kazi au anazurura. Mpango mpya wa Kenya wa 2023 ulifikishwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema haupatani na Katiba. HESLB ya Tanzania inakata asilimia 15 ya mshahara. Ilikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo hadi Rais Samia alipoiondoa mwaka 2021. Bodi hizo zimewasomesha maelfu kwa maelfu, hilo hatulipingi, na mtoto wa Kigoma mwenye akili amepata mlango ambao wetu hajauona.

Lakini nguvu ya bodi hizo iko kwa mwajiri. Wanakusubiri kwenye karatasi ya mshahara. Huku karatasi hiyo haipo. Ukileta mkopo wa namna ile Masisi leo, utaandika deni juu ya motari na juu ya mwalimu NU, kisha utatuma watu kwenda kuchukua pikipiki. Msimamo tuliokubaliana ni huu: mkopo ukija, uwe bila riba, ulipwe na mwenye kipato kwa sehemu ndogo ya kipato hicho, asiye na kipato asidaiwe, na kila mwaka ambao mhitimu anafundisha au anatibu huku vilimani bila mshahara uhesabiwe kuwa ni malipo. Mzazi asilazimishwe kutia sahihi ya dhamana. Shamba lisiwe rehani ya elimu kamwe. Asiyekubali masharti haya abaki na mkopo wake.

Buruse ya Excellentia, ya mfuko wa Mama Denise Nyakeru Tshisekedi, inawachukua wenye alama za juu kabisa za Egzetat, mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari. Tunawapongeza waliopata. Sisi tunazungumza juu ya mtoto wa asilimia 58, aliyefanya mtihani baada ya kulala kambini, ambaye angekuwa mganga mzuri wa mifugo.

Kwa vyuo tunaongeza machache. Kiasi kitangazwe kwa franga ya Kongo mwanzoni mwa mwaka, kisibadilike katikati kwa sababu dola imepanda. Kila malipo yawe na bordereau. Pesa ya mkononi ya asistanti si minervali. Silabusi isiwe tiketi ya kupita kozi.

Yapo pia ya kwetu wenyewe, na hapa mkutano ulipiga kelele kuliko mahali pote. Mahari ya dada isilipie tena masomo ya kaka. Tunajua ni nyumba gani zimefanya hivyo. Ni nyingi, na baadhi ya walioshika kalamu ya ilani hii ni kaka hao. Binti mwenye Egzetat ana haki ya ng'ombe sawa na kaka yake, na ng'ombe wasipowatosha wote wawili, wagawane miaka: mmoja asome, mwingine akingoja, kisha wabadilishane. Mzee mmoja alisema hilo halijawahi kuonekana. Akajibiwa na mke wake, na maneno yale hatuyaandiki.

Tena tupunguze sherehe za kolasyo. Mtoto amemaliza kwa deni la Banki Lambert, tunakopa tena kukodi toga, viti na kasha za bia ili majirani waone. Poda ya kumwagia kichwani ni bei nafuu, hiyo iendelee.

Mnatuuliza jina la muungano huu. Bado hatujajipa. Jina linaleta mhuri, mhuri unaleta kamati, kamati inaleta safari za Goma zinazolipwa na wanachama. Harakati ya vijana ya LUCHA ilipoanza Goma mwaka 2012 ilitufundisha kwamba watu wasio na ofisi wanaweza kuisumbua serikali juu ya jambo moja, maji, hadi ikakosa usingizi. Jambo letu ni moja pia. Hatupokei pesa za mgombea wala za kikosi, hatuna mwenyekiti, tuna mwandishi na wasaidizi wake, nao watabadilishwa kila baada ya mavuno. Hatuulizi kabila la mdaiwa. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnande, Mtembo, Mnyanga, Mkumu: mnunuzi wa ng'ombe anawapa bei moja ya haraka.

Kazi ya kwanza ni daftari. Tunaandika nyumba kwa nyumba, bila majina hadharani: mwaka, chuo, kiasi, kilichouzwa, bei iliyopatikana, aliyekopesha, riba, na aliyeacha shule ili mwingine asome. Nakala moja itapelekwa kwa chefferie, moja kwa vyuo, moja kwa serikali ya jimbo popote ilipo, moja kwa wanaoshikilia Goma, na moja itabaki Mushaki imefichwa vizuri, maana tunazijua nchi zetu. Tukimaliza Mushaki tutakwenda Karuba, Ngungu, Rubaya na Kitchanga, kisha Walikale, wakitukaribisha.

Wenye watoto chuoni, waliokuwa nao, na mliokatisha masomo: siku ya soko leteni bordereau zenu, hata zilizolowa na zilizochanika. Asiye na karatasi aje na mashahidi wawili, aseme kiasi na alichouza, tutaandika. Mabinti mlioachishwa shule, njooni nanyi. Ukurasa wenu ndio wa kwanza.